Kompyuta Inayokunywa Maji ya Duka

Goma

Mama mkubwa, baba mdogo, na ninyi nyote mnaosikilizishwa barua hii kwenye simu ya shemeji hapo Ujiji,

Uvumi uliowafikia ni wa kweli: nimeifungia kompyuta rejeta ya gari. Akili zangu ziko sawasawa, nakula, nalala. Habari za mji huu mnazisikia redioni kabla yangu, sitazirudia. Acheni niwaeleze habari ya maji.

Mnajua riziki yangu hapa ni kuhariri video za harusi. Harusi ya Goma haifupishwi. Ukimkata shangazi aliyecheza, yatakuja kuzungumzwa kwenye kikao cha familia. Basi kompyuta ikianza kuunganisha video ndefu namna hiyo, prosesa inapanda hadi nyuzi 95, halafu inajipunguzia mwendo ili isiungue. Feni ipo, inapiga kelele hadi jirani anagonga ukuta, lakini tupo karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kiasi cha mita 700 juu yenu. Hewa ni nyepesi. Feni inazunguka sana na kubeba kidogo. Tena hewa yenyewe imejaa vumbi jeusi. Volkano ya Nyiragongo ilishuka mjini Januari 2002 ikamwaga lava katikati hadi ziwani, na Mei 2021 ikarudi ikasimama viungani upande wa kaskazini. Watu wamejenga juu ya jiwe lile lile, magari na pikipiki yanalisaga kutwa, na unga wake wote unajua njia ya kuingia kwenye feni yangu.

Baba mdogo anauliza kama nimetengeneza friji. Hapana. Maji hayaleti ubaridi, yanahamisha joto. Lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 ya lita moja ya hewa, kwa hiyo pampu ndogo ya tangi la samaki inatosha: inayapitisha juu ya prosesa ndani ya kibati cha shaba, yanatoka na moto wake hadi kwenye rejeta, feni kubwa ya mwendo wa taratibu inayapuliza, yanarudi. Hayawezi kupoa chini ya hewa ya chumbani hata ukiyasomea dua. Faida yake ni kwamba rejeta ipo nje ya boksi, na vumbi likijaa nalisugua kwa brashi ya viatu.

Rejeta yenyewe ni ile ndogo ya hita, imetolewa kwenye Toyota iliyokwisha kufa. Wauzaji walinionyesha mbili zinazofanana kabisa. Fundi mmoja akachukua msumari, akakwaruza rangi pembeni: ya kwanza ikatoa weupe, aluminiamu, ya pili ikatoa wekundu wa shaba. Nikachukua ya pili bila kuuliza bei mara mbili. Shaba na aluminiamu zikikutana kwenye maji yale yale zinageuka betri, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Mpira mweupe nilinunua kwa kijana wa kadhafi, hawa wanaouza petroli kwenye madumu barabarani. Aliapa kwamba ni mpya. Niliunusa, nikaomba mwingine.

Sasa maji. Hapa visima ni adimu, nani atachimba lava? Wengi wanateka ziwani, na madumu ya njano ya lita 20 yanapanda mtaani juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo mji umeijengea sanamu ya rangi ya dhahabu. Lakini maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi; yangeacha magadi ndani ya kibati, na tone moja likidondokea bodi lingepitisha umeme vizuri tu. Kwa hiyo kompyuta inakunywa maji ya betri, yaliyochemshwa yakawa mvuke yakarudi maji. Muuzaji wa vipuri aliniwekea chupa mbili mezani, kizibo kimoja, rangi moja. Moja maji, nyingine tindikali. Nilisoma lebo kama hati ya kiwanja.

Nikiwa namimina, mama wa mlango wa pili alipita na dumu lake la ziwani, la kutia dawa na kuchemsha. Akasimama.

“Papa, weye unakunywa ya ziwa, mashini inakunywa ya duka?”

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Usiku wa kwanza sikuwasha bodi. Niliipa umeme pampu peke yake, nikazungushia karatasi za chooni kila kiungo, nikalala karibu. Asubuhi karatasi moja ilikuwa imelowa, chini ya klempu ya rejeta. Niliikaza, nikaacha pampu iendelee kutwa nzima. Sasa video ya harusi inapita kwenye nyuzi 62, na jirani ameacha kugonga ukuta.

Tena kompyuta hii inaendeshwa na maji kabla ya kupozwa na maji. Umeme wetu unatoka Matebe, kwenye mto Rutshuru, kituo cha megawati 13 na kitu kilichofunguliwa 2015 na watu wa hifadhi ya Virunga. Hao hao, tangu 2020, wana makontena ya kompyuta kule Luviro yanayochimba bitcoin kwa umeme wa mto. Kwa hiyo mkinicheka, mcheke na hifadhi nzima.

Wazo la baba mdogo la kushusha mpira hadi chini ya ziwa kutafuta maji baridi nimelipokea kwa heshima. Kivu ina kina cha mita 485, na huko chini ni moto kuliko katikati, pamejaa gesi ya methani. Tuliache.

Ombi langu ni moja. Akipatikana mtu wa kuja huku, mpeni klempu za chuma za mpira wa nusu inchi, maji ya betri lita tano, yasiyo na tindikali, na dagaa. Sambaza, dagaa wa hapa, asili yao ni Ziwa Tanganyika, walihamishiwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, ni damu yetu kabisa, lakini hawakaangiki kama wa Kigoma. Dagaa wawe kwenye mfuko wao peke yao, na chupa ziandikwe jina langu.