Ankara ya Hewa: Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Maji

Mkurugenzi Mtendaji,
Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira,
Mjini kwetu.

YAH: SHUKRANI KWA UNITI 34 ZA HEWA

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nakupongeza. Wenzako wengi bado wanahangaika kuuza maji, biashara yenye adha zake: inataka mto, mitambo, dawa, umeme na mabomba yasiyovuja. Ofisi yako imeshavuka huko. Mwezi uliopita bomba la nyumbani kwangu halikutoa maji ya kujaza birika, lakini ujumbe wako kwenye simu ulifika bila mgao wala hitilafu. Ndugu mteja, ulisema, umetumia uniti 34, unadaiwa shilingi 68,000, na usipolipa kwa wakati huduma itasitishwa. Hapo kwenye kusitishwa nilirudia kusoma. Nilitaka kujua ni huduma ipi hiyo iliyobaki ya kusitishwa.

Kwa faida ya wasomaji wengine wa barua hii, uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Uniti 34 ni madumu 1,700. Nyumbani tuko watano. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo kwamba mwananchi wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, katika kituo kisichozidi mita 400 kutoka anapoishi. Kwa kipimo hicho, maji mliyoniandikia yanawatosha watu 45 mwezi mzima. Naomba mnitajie majina ya hao 40 wengine ninaoishi nao, ili kabla sijalipa niwadai mchango wao, na ikibidi niwaulize wanalala wapi.

Wakati mnaniandikia uniti hizo, familia yangu ilikuwa inanunua maji kwa kijana wa mkokoteni, dumu moja shilingi 500. Kijana huyu hana mfumo wa kompyuta, hana kitengo cha huduma kwa wateja, wala hana gari lenye nembo. Anamimina, tunahesabu pamoja, namlipa. Hajawahi kunidai dumu ambalo hakulifikisha. Nadhani ni kwa sababu hajapelekwa semina.

Sikutaka kuja na lawama tupu, hivyo nilimwita fundi anieleze mita inawezaje kuzunguka pasipo maji. Elimu aliyonipa haikuhitaji chuo. Mgao ukianza, mabomba hubaki matupu na hewa huingia. Maji yakifunguliwa tena, huisukuma ile hewa mbele yake, nayo hutafuta pa kutokea. Kwenye mita nyingi za majumbani kuna gurudumu dogo linalozungushwa na chochote kinachopita kwa kasi, na gurudumu halina ulimi wa kuonja. Hewa ni nyepesi, inakimbia kuliko maji, na gurudumu linaifuata. Ndiyo maana kabla ya tone la kwanza tunasikia bomba likikoroma na kupiga mluzi. Sisi tulidhani ni dalili njema ya maji kukaribia. Kumbe ni mauzo yanaendelea.

Wahandisi wako wanalijua jambo hili kuliko fundi wangu. Kuna vali za kutolea hewa, hufungwa kwenye miinuko ya bomba kuu ili hewa itoke kabla haijafika kwa mteja. Vali ikiwa imekufa au haikuwekwa, hewa itatokea jikoni kwangu. Tofauti ni kwamba hewa inayotoka kwenye vali haina namba ya mteja, na inayotoka jikoni kwangu inayo.

Nakiri kwamba hewa peke yake, hata ingekuwa na juhudi kiasi gani, isingefikisha uniti 34. Ziada hiyo nadhani imetokana na kipaji kingine cha ofisi yako, kiitwacho makadirio. Msoma mita hakuonekana mtaani kwetu. Lakini usomaji ulionekana, umenyooka, hauna desimali. Ni kazi ya kiroho kabisa, kusoma mita bila kuiona, na naomba msoma mita huyo apandishwe cheo kabla dini fulani haijamchukua.

Nilifika ofisini kwako kulalamika. Nilipokewa vizuri, kiti nilipewa. Ofisa wa dirishani alitazama skrini, akaniambia mfumo ndivyo unavyosoma. Nikamwambia maji hayakutoka. Akaniuliza kwa upole: "Sasa mzee, kama hukutumia, maji yalikwenda wapi?"

Ndugu Mkurugenzi, swali hilo ni zuri mno kuishia kwangu. Nalirudisha kwako. EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, hutoa kila mwaka ripoti ya utendaji wa mamlaka za maji, na kwa miaka mingi ripoti hizo zimeonyesha kwamba takribani theluthi ya maji yanayozalishwa nchini hupotea kabla hayajaleta shilingi moja: yanavuja, yanaibwa, au hayapimwi. Maji mliyoyasukuma wenyewe, kwa mitambo yenu, kwenye mabomba yenu, hamjui yalikwenda wapi. Lakini ambayo hayakuja kwangu mnajua yaliingia saa ngapi na kiasi gani. Kama mngetafuta yaliyopotea kwa bidii mliyotumia kuyapata yasiyokuwepo, nchi hii ingeoga mara mbili kwa siku.

Nimepekua pia sheria, maana niliogopa huenda ni mimi niliyepitwa na wakati. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema wajibu wa muuzaji ni kufikisha bidhaa na wajibu wa mnunuzi ni kuipokea na kulipa, na kwamba mambo hayo mawili huenda sambamba isipokuwa kama wamekubaliana vinginevyo. Nimepekua mkataba wangu nanyi nikitafuta hilo "vinginevyo". Sikuona mahali nilipokubali kulipia upepo.

Halafu kuna mfano wa Serikali yenyewe, ambao mimi raia mtiifu nimeamua kuufuata. Mwaka 2003 kampuni ya City Water ilikabidhiwa kazi ya kusambaza maji Dar es Salaam kwa mkataba wa miaka 10. Mwaka 2005 Serikali iliuvunja kwa hoja kwamba kampuni haikutimiza ilichoahidi. Wawekezaji wakaishitaki Tanzania kwa wasuluhishi wa kimataifa. Mwaka 2008 wasuluhishi hao, wa kituo cha migogoro ya uwekezaji cha ICSID, waliona makosa katika namna kampuni ilivyoondolewa, lakini hawakuiamuru Tanzania ilipe fidia hata senti moja. Wakati ule wananchi tulishangilia. Sasa naomba haki ile ile ishuke hadi ngazi ya kaya: aliyeshindwa kufikisha maji asilipwe kana kwamba ameyafikisha.

Kuna kampeni nzuri ya kumtua mama ndoo kichwani. Kwangu imefanikiwa nusu. Mke wangu ametuliwa ndoo, kwa kuwa hakuna cha kutia ndani yake, na badala yake amebebeshwa ankara. Nayo Wizara ya Maji imekuwa ikihimiza mita za malipo ya kabla. Ni jambo jema, ila hewa isipotolewa bombani kwanza, tofauti tutakayoiona ni kwamba upepo tutaulipia kabla haujavuma.

Kwa kuwa nawe ni mtu wa vitendo, nimekuja na njia mbili, uchague.

Ya kwanza: kama ofisi yako imeamua kuuza hewa, iuze kihalali. Peleka maombi EWURA, uitishwe mkutano wa taftishi kama inavyofanyika bei ya maji inapotaka kubadilishwa, wananchi tukae ukumbini tuulize. Bei ya hewa ya mchana na ya usiku itakuwa moja? Ya kiangazi na ya masika je? Anayeishi ghorofani, ambako upepo ni mwingi, atapata punguzo? Na mteja mwenye pumu atahesabiwa kama kiwanda?

Ya pili ni rahisi zaidi, ila haina posho ya kikao. Ifute ankara hii hadi mita yangu ipimwe mbele yangu. Zifungwe au zitengenezwe vali za kutolea hewa kwenye bomba la mtaa wetu. Msoma mita afike, apige picha ya namba, na picha hiyo itumwe pamoja na ujumbe wa deni. Mteja anayepinga ankara asikatiwe huduma wakati malalamiko yake yanasikilizwa. Na mwezi ambao maji hayakutoka, ofisi itangulie kueleza kwa nini inadai, badala ya mteja kuthibitisha kiu yake dirishani.

Kwenu wateja wenzangu: msingoje ujumbe wa simu uwaambie mmetumia kiasi gani. Someni mita zenu wenyewe kila mwisho wa mwezi, mpige picha, mwandike na siku ambazo maji hayakutoka. Ankara ikija na miujiza, pelekeni malalamiko kwa maandishi na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Msiposikilizwa, nendeni EWURA, au muombe msaada kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji. Vyombo hivyo vipo kwa sheria, na malalamiko ya mdomoni dirishani hayaachi kumbukumbu popote.

Ndugu Mkurugenzi, shilingi 68,000 silipi. Siku maji yatakapofika nitayalipia yote, tone kwa tone, na wa kwanza kwenye foleni nitakuwa mimi. Hewa nitaendelea kuivuta bure.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mteja mwenye mita inayozunguka na bomba kavu.