Kila Ugonjwa, Piga Windows

Mafundi kompyuta wa kwetu wana dawa moja. Kompyuta nzito? Piga windows. Printa imegoma? Piga windows. Ukiuliza mafaili yako yatakuwaje, fundi anakutazama kwa huruma: "Kwani mzee ulikuwa na vitu vya maana humo?"

Nilikuwa navyo. Hesabu za steshenari yangu hapa Ngara mjini, pamoja na orodha ya wadaiwa, zinakaa kwenye programu ya kizee inayokubali Windows XP tu, mfumo ambao wenyewe Microsoft waliacha kuuhudumia Aprili 2014. Kwa hiyo ndani ya kompyuta yangu nimefuga nyingine, mashine pepe ya VirtualBox. Diski yake nzima ni faili moja tu lenye mkia wa .vdi. Likiugua hilo, duka zima limeugua.

Na liliugua. Maporomoko ya Rusumo yapo wilayani humu humu, mitambo mitatu, megawati 80 tunazogawana na Rwanda na Burundi, lakini radi ya masika haijali nani jirani wa bwawa. Umeme ukakata katikati ya kazi. UPS niliyoapiwa kwamba itanipa muda wa kuzima kistaarabu ililia mara moja, ikaufuata umeme. Enzi za majenereta ya dizeli angalau ulisikia injini ikikohoa, ukajiandaa.

Umeme uliporudi, kompyuta ya nje iliwaka vizuri. Ya ndani ikaleta skrini ya bluu: UNMOUNTABLE_BOOT_VOLUME. Maana yake XP ilikuwa imeambiwa data zimeshaandikwa kwenye diski, kumbe nyingine zilikuwa bado kwenye RAM ya mwenyeji wake, zikapotea na umeme.

Shemeji yangu wa Biharamulo akapiga simu, bila hata kuuliza hali ya watoto. "Shem, hiyo imekufa. Mwite fundi apige windows, uanze upya na moyo mweupe." Fundi akaja, akatoa CD ya XP, akazunguka meza akitafuta pa kuiingiza kwenye kompyuta isiyoonekana.

Nikamnunulia soda. Kwanza nikanakili lile faili la .vdi kwenye diski ya nje, maana chombo cha kurekebisha kinaweza kumalizia kuua. Kisha nikaipa mashine pepe faili la ISO la XP ile ile, nikaiwasha kutokea hapo. Skrini ya kwanza inakupa njia mbili: ukibonyeza Enter, umeanza safari ya kupiga windows; ukibonyeza R, unaingia kwenye chumba cha matibabu. Nikabonyeza R, nikaandika chkdsk /r, nikaiacha. Inakwenda polepole mno, tena asilimia zake zinapanda na kushuka kama bei ya maharage. Fundi alimaliza soda, akaaga.

XP ikawaka. Nikafungua orodha ya wadaiwa kuhakiki, nikaanza na wa Biharamulo. Jina la kwanza, lenye deni nono la rimu za karatasi na wino tangu mwaka jana, ni la shemeji.

Shem, najua unasoma safu hii. Deni lako sasa liko kwenye diski ya nje, liko kwenye flashi, na nimeliprinti. Njoo ulipe.