Kwa Heshima ya Mengineyo

Aliyewahi kukaa kikao Unguja anajua kuwa mkutano huanza ajenda ya mwisho. Kufungua kikao, kuthibitisha kumbukumbu, yatokanayo, taarifa ya mweka hazina: hayo watu huyapitisha huku wakitazama saa. Mwenyekiti akishatamka "mengineyo", viti husogezwa, miwani huvaliwa, na aliyekuwa anasinzia huinua mkono. Mtaro uliozibwa, fedha za timu zisizoonekana, jirani aliyejenga ukuta juu ya njia, yote hutokea hapo.

Maktaba nazo zina Mengineyo yao, na hayo ndiyo ninayotaka kuyasifu leo. Ni boksi. Boksi la karatasi ngumu, lililokuja na rimu za karatasi za kuchapia, limeandikwa ubavuni kwa kalamu nene na limesukumwa chini ya meza ya mkutubi, pale ncha za viatu zinapogota. Halina namba wala halimo katika katalogi. Wakaguzi wakija hufunikwa kitambaa. Fungua moja utakuta kadi ya mwaliko wa harusi ya zamani, ratiba ya usiku wa taarab iliyochapwa kwa taipureta, ukurasa wa gazeti la Samachar lenye Kigujerati upande huu na Kiingereza upande ule, risiti za karafuu, kaseti isiyo na jalada. Wanafunzi wa ukutubi hufundishwa kuwa boksi la namna hiyo ni dalili ya uvivu. Uvivu ni kweli, sikatai. Lakini ni uvivu wenye nasaba kubwa.

Mwaka 1876 Melvil Dewey, kijana aliyefanya kazi maktaba ya Chuo cha Amherst huko Marekani, alichapisha kijitabu kisichofika kurasa 50. Ndani yake aliigawa elimu yote ya wanadamu mafungu 10, kila fungu akaligawa 10, na kila moja ya hayo akaligawa 10 tena. Hesabu ikasimama vizuri, vyumba 1,000, na maktaba nyingi duniani bado zinabandika namba zake migongoni mwa vitabu. Kasoro yake ni moja tu: Mungu hakuuumba ulimwengu kwa makumi. Dewey alipofika kwenye 9 na mambo bado yamejaa mlangoni, alifanya vile vile anavyofanya mkutubi wetu. Alitafuta boksi. Kiingereza alikipa 420, Kijerumani 430, Kifaransa 440, akaenda hivyo mpaka Kigiriki kwenye 480. Zilizobaki zote akazirundika 490, lugha nyengine. Fasihi zake akazitia 890, fasihi za lugha nyengine. Kwenye dini, Ukristo ukatandaziwa kutoka 220 mpaka 280 na ushei, na walimwengu waliosalia wakapewa 290, dini nyengine.

Sasa angalia nani anakaa wapi. Uislamu ni 297. Kiarabu ni 492.7. Kiswahili ni 496.392 na fasihi yake 896.392. Kwa hiyo mtoto wa Mkunazini anayetoka chuoni asubuhi na juzuu yake kwapani, akaenda skuli kusoma sarufi, akarudi jioni na kisa cha mpelelezi Bwana Msa cha kusomea barazani, siku nzima hakuwahi kutoka nje ya Mengineyo.

Wapo wanaokasirika wakiambiwa hivyo. Mimi nawaomba kwanza watazame majirani. Kichina kimo humo humo, 495.1. Kihindi kimo, Kirusi kimo, Kijapani, Kiajemi, Kituruki. Ukiwahesabu watu wa dunia kwa lugha za mama zao, walio wengi wanalala katika 490. Waliopewa vyumba vyao wenyewe ndio wachache, na ukizitazama rafu zao utaona jinsi walivyo wapweke.

Tena Mengineyo hayabagui, na katika jambo hili yamemshinda aliyeyabuni. Dewey alikuwa na klabu yake ya mapumziko Lake Placid, ambayo haikupokea Wayahudi wala watu weusi. Mwaka 2019 Chama cha Maktaba cha Marekani kiliondoa jina lake katika medali yake, kwa sababu hiyo na kwa namna alivyowatendea wanawake. Mtu aliyesimamisha bawabu mlangoni kwake ndiye aliyelazimika, vyumba vilipomwishia, kufungua ukumbi mmoja ambao kila mtu anaingia bila ya kuulizwa kabila. Huo ukumbi hakuupenda. Ndiyo maana umetengenezeka.

Mengineyo yana daraja pia, nasi tumepanda mpaka juu. Ndani ya Uislamu, Dewey ana 297.81 ya Sunni na 297.82 ya Shia, kisha 297.83 ya madhehebu mengine. Maibadhi wako hapo. Yaani Sayyid Barghash, Sultani aliyeleta mtambo wa chapa Unguja na kupigisha chapa vitabu vikubwa vya fiqhi ya Kiibadhi, kwa hesabu ya maktaba ni mwengine ndani ya wengine. Ni miji michache inayoweza kujivunia kuwa ilitawaliwa kutoka ndani kabisa ya Mengineyo.

Panda sasa Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa. Pale mpangilio ni wa herufi. Barua za ubalozi wa Kiingereza zimo chini ya AA, mafaili ya sekretarieti ya wakoloni chini ya AB, na ukiendelea kushuka mpaka mwisho wa alfabeti ndipo unapoikuta miswada ya Kiarabu, ZA. Mkusanyo wa miswada na vitabu vya Kiarabu wa Zanzibar uliingizwa katika Kumbukumbu za Dunia za UNESCO mwaka 2003, kwa hiyo Z si kifungo. Lakini mtu anayetaka kuelewa kwa nini nayasifu Mengineyo, na atazame mswada wa aina ile ambayo masheikh waliipenda: mjalada mmoja, ngozi moja, na ndani yake fiqhi ya mirathi, nyuma yake dawa ya homa, nyuma yake hesabu za nyota za kuchagulia siku ya safari, kisha dua, kisha kasida. Pambizoni kuna mkono mwengine umeandika kwamba fulani kazaliwa usiku wa Jumatatu, na fulani anadaiwa. Mwenye kitabu hakuona mchanganyiko wowote. Alikuwa na mirathi ya kugawa, mtoto mwenye homa, jahazi la kungoja kaskazi na deni la kukumbuka, na yote hayo yalikuwa maisha ya mtu mmoja. Dewey anamtaka achague: 297, 615 au 133? Mengineyo hayamuulizi.

Ugumu zaidi uko kwenye kanga. Nitaueleza kama unavyotokea, maana mazungumzo haya yanaweza kusikika maktaba yoyote ya mjini siku ambayo mzee kafariki na familia imeleta vitu vyake.

"Bi, hii niitie wapi?"

"Nini hiyo, mwanangu?"

"Kanga."

"Kanga maktaba inataka nini?"

"Ina maandishi, Bi."

Hapo Bi huvua miwani. Kanga ina pindo, ina mji, na chini ya mji ina jina, ambalo katika za zamani liliandikwa kwa herufi za Kiarabu na katika za leo kwa za Kirumi. Ukiitazama kama nguo ya kiwandani, ni 677. Kama vazi, 391. Kama sanaa ya vitambaa, 746. Kama methali, 398.9, jirani na hadithi za sungura. Na kama ni ujumbe ambao mke mkubwa alimvalia mke mdogo siku ya arusi, basi ni barua, na barua zina kanuni zake: mwandishi nani, kaandikiwa nani, tarehe gani. Mtungaji hajulikani. Mwaka hapana. Idadi ya nakala? Mbili, maana kanga ni doti, isipokuwa kama imeshakatwa, na hii imekatwa, kwa hiyo nakala ya pili iko kiunoni mwa mtu Ng'ambo. Bi huvaa tena miwani. "Tia Mengineyo, mwanangu, tutakuja kuitazama." Hapana uamuzi wa kitaalamu ulio sahihi kuliko huo. Kanga iko salama, imekunjwa, na iko karibu na ratiba ya taarab ya usiku ambao pengine ilivaliwa. Hakuna namba ambayo ingeziweka hizo mbili pamoja.

Yaliyobaki nitayapitia mbio. Kanuni za katalogi hutaka jina la ukoo litangulie. Mzanzibari hana, ana lake, la baba na la babu. Ukimtafuta aliyeandika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) kwa herufi ya kwanza ya jina lake, Muhammed, humpati. Yuko kwenye Abdulla. Aliyeandika Kuli amechapishwa mara kama Adam Shafi, mara Adam Shafi Adam, mara Shafi Adam Shafi, na kila jina lilistahiki kadi yake. Bibi Salme binti Said, aliyetoroka Unguja mwaka 1866 na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, ameandikwa chini ya R, kwa kuwa aliolewa na Ruete wa Hamburg. Boksi chini ya meza halijali jina lipi limetangulia.

Na kwa wanaodhani kuwa kutolewa Mengineyo ni kupandishwa cheo, kuna kisa cha Abdulrazak Gurnah. Kazaliwa Unguja mwaka 1948, kapata Nobel mwaka 2021, anaandika kwa Kiingereza, kwa hiyo namba yake ni 823, chumba kimoja na Dickens. Hongera. Riwaya yake Paradise ya mwaka 1994 ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis ikatoka mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Kanuni ya Dewey inasema tafsiri ya fasihi hufuata lugha ya asili. Basi kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili safi kutoka jalada hadi jalada kinapaswa kukaa 823, pamoja na Waingereza, na msomaji anayepitisha kidole kwenye 896.392 hatakigusa. Kingekuwa ndani ya Mengineyo, angekiona.

Faida moja ya mwisho ni ya kiutawala. Maktaba ikipunguza vitabu, hupunguza kwa orodha. Kisichoazimwa miaka mingi hupigwa mstari na kutolewa. Boksi halimo katika orodha, kwa hiyo hakuna anayeweza kulipiga mstari. Vitabu vyenye namba nzuri vimeondoka, risiti za karafuu zipo.

Nasikia siku hizi wahariri wa Dewey wameona haya. Katika matoleo ya karibuni wameweka mpango wa hiari, maktaba ikitaka, wa kuzipanga dini kwa nyakati na mahali zilipozuka, ili Ukristo usikae mbele peke yake na wengine nyuma. Huenda baadaye wakaja na lugha. Wakija Unguja kutuuliza, mimi nitashauri wakaribishwe vizuri, wapewe halua na kahawa, na waambiwe kuwa sisi hatuhami: tumeshazoea kukaa na Wachina. Isipokuwa Maibadhi, ambao kwao "mengineyo ndani ya mengineyo" imezidi, nao wapewe chumba. Na lile boksi chini ya meza lipewe kifuniko, kwa sababu masika yanakaribia na dari ya maktaba inavuja upande huo.