Usimhifadhi Baluku kwa Jina Lake

Unataka daftari la wakulima wa kahawa lililo ndani ya programu yako libaki salama umeme ukikatika Bwera, magharibi mwa Uganda? Huhitaji seva wala fundi kutoka Kampala. Moduli ya shelve, inayokuja pamoja na Python, inatosha. Inamgeuza mkulima mzima, pamoja na kilo na malipo yake, kuwa baiti kwa msaada wa moduli ya pickle, kisha inamweka kwenye faili la hifadhidata ya dbm chini ya ufunguo unaoutaja. Ni mbinu ya zamani: dbm ya kwanza iliandikwa na Ken Thompson mwaka 1979.

Sasa chagua ufunguo, na hapa usiharakishe. Anakuja kifungua mimba wa kiume na gunia lake: unaandika Baluku. Anamfuata kifungua mimba wa nyumba ya jirani: Baluku tena. Wakonzo wa eneo hili huwaita watoto kwa zamu ya kuzaliwa. Wavulana ni Baluku, Bwambale, Masereka, Kule. Wasichana ni Masika, Biira, Kabugho, Mbambu. Milima ya Rwenzori imejaa vifungua mimba! Nayo hifadhidata haibishani na mtu: itampokea Baluku wa pili na kumfuta wa kwanza kimyakimya, kilo zake zote zikaenda naye. Jina la ubatizo halikuokoi, maana akina Baluku Yosefu nao ni wengi. Ukivuka mpaka wa Mpondwe kwenda Kasindi, upande wa Kongo, Wanande wana zamu hiyohiyo, ila wao husema Paluku na Kambale. Basi mtu mmoja akiuza pande zote mbili ataandikwa kama watu wawili.

Mpe kila mkulima namba ya kituo, mathalani BWR0417, iandikwe kwenye kadi yake, na isipewe mtu mwingine kamwe. Jina likae ndani, pamoja na kilo. Namba ya kitambulisho cha taifa iache: Mkongomani hana ya Uganda, na sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka usikusanye usichokihitaji.

Mtego mwingine: ukimtoa BWR0417, ukamwongezea kilo 60 kwenye orodha yake ukaishia hapo, hujaandika kitu. Umebadilisha nakala tu. Mrudishe chini ya ufunguo wake, halafu funga faili. Makarani wawili wasiliandikie kwa wakati mmoja. Shelve haijui kuwaamua. Usibadilishe jina la klasi ovyo, kwa kuwa pickle hutunza jina hilo, si msimbo wake. Na faili la pickle kutoka kwa mtu usiyemjua usilifungue, linaweza kuendesha amri yoyote kwenye kompyuta yako.

Nakala ya akiba isikae karibu na mto. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukarudia Mei 2020 na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Ipeleke Kasese mjini, mtaa wa juu, na kila mwisho wa mwezi ifungue usome kilo za mkulima mmoja, ukizilinganisha na kadi yake.