Uainishaji wa Mikutano ya Liuli kwa Kadiri ya Moshi Wake

Wataalamu wa mikutano rafiki kwa mazingira huanza na karatasi: punguzeni kuchapisha. Kwa Liuli, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, hoja hiyo haina uzito, maana kabrasha likishafika huku halitupwi, hufungiwa vitumbua. Uchunguzi wetu unaanza na mgeni rasmi.

Aina ya kwanza ni Kikao cha Mwembeni. Hakina turubai kwa kuwa mwembe upo, wala spika kwa kuwa mwenyekiti ana sauti. Wajumbe huja kwa miguu au kwa mtumbwi. Ndicho kikao safi kuliko vyote, ila hakihesabiwi kuwa mkutano: hakina posho wala picha ya pamoja.

Aina ya pili ni Kamati ya Harusi. Tuipite, ahadi za michango hazitoi moshi.

Aina ya tatu, Mkutano Wenye Meza Kuu, ndiyo inayostahili maabara. Mgeni rasmi anatoka Songea, anapita Mbinga na Mbamba Bay ndani ya shangingi, akifuatwa na shangingi la pili lisilojulikana limebeba nini. Jenereta inanguruma, kwa hiyo spika inaongezwa sauti, kwa hiyo jenereta inazidishiwa mafuta. Maua ya plastiki yanapangwa mezani. Kisha maji! Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa ya maji ilisalimika, nayo husafirishwa milima na mabonde hadi ukingoni mwa ziwa la maji baridi lenye kina cha takriban mita 700. Mgeni hunywa mafunda mawili, itifaki ikiwa imezingatiwa.

Hapo tukapata kanuni: uchafu wa mkutano haukui kwa wingi wa watu, hukua kwa umbali wa anakotoka anayeketi katikati. Mkutano wa tabianchi wa Dubai wa 2023, COP28, uliishinda hata kanuni hiyo: walihudhuria maelfu kwa maelfu, na karibu kila mmoja alikuwa mgeni rasmi wa mtu fulani.

Historia nayo inatuunga mkono. Agosti 1914, Liuli ikiitwa Sphinxhafen, meli ya Waingereza Gwendolen chini ya Kamanda Rhoades iliikuta meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, ikaipiga mizinga. Nahodha wa meli hiyo ya Wajerumani, Berndt, hakuwa amepata habari kwamba kuna vita. Wanahistoria huliweka tukio hilo miongoni mwa mapambano ya kwanza ya majini ya vita ile. Sisi tunaliainisha kama mkutano wa aina ya tatu ulioitishwa bila taarifa: mjumbe mmoja katoka mbali akiwa na moshi wake, mwenyeji hana ajenda.

Pendekezo letu ni moja. Tarehe ya mkutano ifuate ratiba ya meli ya abiria, ambayo itapita mgeni akiwemo au asiwemo. Wapinzani wanasema meli haina itifaki, na mheshimiwa atashuka katikati ya magunia na madumu. Ni kweli. Tena meli ikichelewa kurudi itambidi alale, ale usipa, anywe maji ya kuchemsha, na kesho yake akitia mguu mwembeni aulizwe yeye ni mjumbe wa kitongoji gani.