Joto Limeshuka, Tumekwisha

Phoenix, Arizona, Agosti

Baba mdogo,

Ujumbe wako wa sauti umefika, nikausikiliza mbele ya watu, wakacheka. Unasema mimi ni mwongo: mwezi wa sita nilikuambia kuna digrii 45 na bado natembea, sasa nalia kwa digrii 40. Unauliza ni joto gani hilo linaloshuka halafu linazidi, ama natafuta sababu ya kutotuma pesa ya mabati. Pesa itakuja. Kuhusu joto, nisikilize.

Mwezi wa sita hewa ya hapa ni kavu kupita kiasi. Mchana unyevu unaweza kushuka chini ya asilimia 10. Unatundika shati, ukigeuka limekwisha kukauka. Na jasho ni vilevile: linatoka, linaruka na kuondoka na joto la mwili kabla hujaliona. Ndiyo maana huku watu hawaachi chupa ya maji, kama sisi tusivyoacha panga.

Wenyeji hujifariji kwamba joto lao ni kavu. Hayo ni maneno ya mtu aliyekaa karibu na friji. Mwaka 2023 mji huu ulipitisha siku 31 mfululizo za digrii 43 na zaidi, na katika wilaya yetu ya Maricopa joto lilihusishwa na vifo 645 mwaka huo.

Halafu upepo unageuka. Unaleta unyevu kutoka Ghuba ya California na Ghuba ya Mexico, mawingu yanajaa mchana, vumbi linasimama ukuta mzima, tunaanua nguo mbio. Mvua yenyewe inanyesha mtaa mwingine. Sisi tunaachiwa unyevu tu. Sasa jasho halina pa kwenda, linateremka mgongoni mpaka kwenye soksi. Mtaalamu Robert Steadman alipiga hesabu za mambo haya mwaka 1979. Kwa jedwali la idara ya hali ya hewa ya Marekani, digrii 40 zenye unyevu wa asilimia 40 mwili huzihisi kama 48. Kwa hiyo sikudanganya, nilikupunguzia.

Ninayeishi naye ni mtu wa milima ya Masisi. Unawajua: baridi, ng'ombe, jibini, koti mchana. Zamani alikuwa akishuka kwetu Walikale anatucheka tunavyolowa. Sasa analala sakafuni, shavu kwenye vigae, ananiuliza sisi watu wa msituni tunaishije na unyevu. Nimemwambia unyevu wetu una adabu. Kwetu hewa imelowa mwaka mzima, lakini jua halifiki 40, miti inalizuia, na mvua ikitisha inanyesha. Jangwa hili limeazima unyevu wetu bila kuazima kivuli.

Juu ya nyumba tuna ile mashine ya maji niliyokusifia. Ni feni inayovuta hewa ya nje na kuipitisha kwenye pedi zilizolowa. Maji yakigeuka mvuke yanachukua joto, hewa inaingia ndani baridi, na mashine inakula umeme kidogo kuliko kiyoyozi. Mwezi wa sita tulijifunika blanketi. Sasa inatupulizia mvuke, chumvi imegandamana, unga wa fufu umeshikana kabla ya kupikwa. Tulimwita mwenye nyumba, akapanda, akashuka, akasema mashine ni nzima. Hajakosea. Mashine ni nzima, hewa ndiyo imeshiba.

Basi ulivyoomba nikutumie moja kama hiyo, Baba mdogo, hapana. Hapo kando ya mto Lowa hewa imeshiba tangu Adamu. Utachoma mafuta ya jenereta usiku kucha ili upuliziwe ukungu ambao kila asubuhi unaupata bure. Afadhali feni ya kawaida, ndogo, ya sola. Hiyo mwenye pikipiki anaweza kuifunga nyuma akapita nayo njia ya Hombo, hata malori yakiwa yamelala kwenye matope. Niambie tu kama unataka ya mezani au ya kusimama. Na Mjomba asisikie, maana ataitaka kubwa kuliko yako.

Wako mtoto,
wa Phoenix