Jinsi ya Kuwa Bingwa wa Visiwa vya Kaskazini Bila Kulowa

Umemaliza shahada ya kwanza, kazi haijaonekana, na mjomba anakuuliza kila Ijumaa baada ya sala unangoja nini. Mjibu hivi: naingia uzamili, nasoma historia na utamaduni wa visiwa vya kaskazini vya Uskoti, Orkney na Shetland. Jibu hilo lina faida moja kubwa. Hakuna mtu barazani mwenye swali la pili.

Mimi ni mtu wa kisiwani, ingawa si huko. Nimekulia Pemba, na tangu mdogo nimewaona watafiti wakiteremka gatini Mkoani na madaftari mapya, wakiwauliza bibi zetu habari za majini na mikarafuu, halafu wakiondoka na boti ya kesho yake. Kwa hiyo ufundi wa kuwa bingwa wa kisiwa cha watu naufahamu kwa upande wa pili, ule unaochokonolewa.

Neno la kwanza la kujifunza ni "mbali". Litie kwenye pendekezo la utafiti, kwenye utangulizi, na nafasi ikiwepo kwenye jina la tasnifu. Visiwa viko mbali. Usiulize mbali na wapi, maana hapo ndipo mambo yataharibika. Kutoka Lerwick, mji mkuu wa Shetland, Bergen ya Norwei na Aberdeen ya Uskoti ziko karibu umbali mmoja. Enzi za vyombo vya makasia na tanga, aliyekaa Orkney alikaa njia panda: Norwei mashariki, Faroe na Iceland kaskazini-magharibi, Ireland kusini. London ndiyo iliyokuwa kichochoroni. Lakini ukiandika hivyo, nani atakupa ruzuku?

Wachora ramani walishakurahisishia kazi. Kwa miaka mingi waliing'oa Shetland mahali pake wakaitia ndani ya kisanduku karibu na pwani ya Uskoti, kama mbuzi aliyefungwa uani asije akapotea. Wenyeji wakachoka. Sheria ya visiwa iliyopitishwa na Bunge la Uskoti mwaka 2018 inazitaka ofisi za umma ziionyeshe Shetland pale ilipo, na anayeitia kisandukuni aeleze sababu. Wewe si ofisi ya umma. Endelea na kisanduku.

Jihadhari tu na neno Mainland, yaani bara. Sisi tukisema fulani yuko bara, basi yuko Tanga au Dar es Salaam. Kwao Mainland ni kisiwa chao kikubwa. Orkney wana ya kwao na Shetland wana ya kwao, na Uskoti nzima pamoja na Uingereza iliyo nyuma yake ni "kusini" tu. Mtu wa kisiwa kidogo akienda bara, kaenda kisiwani. Mwanafunzi mgeni huumwa kichwa hapa, halafu hupona.

Sasa tarehe. Ya lazima ni 1468. Christian wa Kwanza, mfalme wa Denmark na Norwei, alikuwa anamwoza binti yake Margaret kwa James wa Tatu wa Uskoti. Usishangae: kwao mahari ilitoka kwa baba wa bibi arusi. Ikakubaliwa florini 60,000, ambazo 10,000 ziwe taslimu, na kwa zile 50,000 Orkney ikawekwa rehani. Taslimu nayo haikupatikana. Mwaka uliofuata mzee akatoa 2,000, na kwa 8,000 zilizobaki akaiweka rehani Shetland. Mwaka 1472 Uskoti ikavitia visiwa hivyo kwenye milki ya taji lake, na kila Denmark ilipobisha hodi kutaka kukomboa mali yake ilipewa majibu ambayo kila aliyewahi kuweka mkufu rehani anayajua.

Kanuni ya kitaaluma ni kuandika kana kwamba mwaka ule Unorwei ulizimwa kwa pumzi moja, kama kibatari. Usitaje kwamba akina Sinclair, watu wa Uskoti, walikwishakalia kiti cha utawala wa Orkney tangu 1379. Usitaje pia kwamba sheria ya ardhi ya Kinorwei ilikuwa bado inabishaniwa mahakamani hata katika miaka ya 1960. Vitu vya namna hiyo huharibu sura ya pili.

Kuhusu Waviking, watie. Hata kama mada yako ni kilimo cha viazi, watie. Tamasha la Up Helly Aa litakusaidia: Jumanne ya mwisho ya Januari, karibu watu elfu moja wenye mienge hupita Lerwick usiku na kuiteketeza merikebu ya Kiviking iliyojengwa kwa miezi. Liite la kale. Zamani vijana waliburuta mapipa ya lami yanayowaka, mpaka wakubwa wa mji wakawakataza. Merikebu yenyewe ilianza kuchomwa mwishoni mwa miaka ya 1880, na mkuu wa sherehe, Guizer Jarl, alipatikana mara ya kwanza mwaka 1906. Kadhalika Jarlshof, magofu ya Sumburgh yenye jina linalonukia Uviking toka baharini: jina hilo alilibuni Walter Scott kwa riwaya yake The Pirate, baada ya kuvizuru visiwa mwaka 1814.

Ukiwataka wenyewe hasa, ingia kwenye kaburi la mawe la Maeshowe, Orkney. Lilikuwa na umri wa miaka 4,000 hivi walipolivunja katika karne ya 12 na kuchora ukutani, kwa herufi za runi, maandishi kama 30: fulani alipita hapa, mwanamke fulani ni mzuri kuliko wote, hazina imefichwa upande ule. Msimamizi wako atayaita matini. Nyuma ya viti vya daladala tunayo, na hatujawahi kuyapa jina kubwa kiasi hicho.

Utamu wenyewe uko kwenye lugha. Visiwani humo ilisemwa Norn, mtoto wa Kinorwei cha kale, na ikafa taratibu kabla watu hawajaiandika vya kutosha. Mwaka 1774 George Low, kijana aliyekuwa mbioni kuwa padri, alivuka mpaka Foula, kisiwa kilichojitenga magharibi ya Shetland. Huko akamkuta mzee mmoja mkulima, William Henry. Mzee akamghania utenzi wa beti 35, kisa cha binti mfalme Hildina, mumewe aliyeuawa na kisasi alichokilipa. Low hakuelewa neno. Alikaa akaandika sauti kama sikio lilivyozipokea, silabi kwa silabi, kama mtoto wa chuoni anayenakili aya asizojua maana yake. Mzee mwenyewe aliweza kumsimulia kisa kwa ujumla, lakini kukifasiri neno kwa neno hakuweza. Naye maneno hayo aliyapokea hivyo kwa waliomtangulia. Ilipita miaka 126. Mwaka 1900 mwanaisimu wa Norwei, Marius Hægstad, akachapisha uchambuzi wake wa zile kurasa, na sauti zikarudi kuwa maneno.

Tazama alichofanya Low: alikiri hajui, na bado akaandika alichosikia. Wewe usithubutu. Mwanafunzi wa leo asiyeelewa neno huliwekea nadharia.

Mwingine wa kumkwepa ni Jakob Jakobsen wa Faroe, mtu wa kisiwani kama wenyeji. Kati ya 1893 na 1895 alizunguka Shetland nyumba kwa nyumba, akaokota maneno karibu 10,000 yenye asili ya Norn: ya upepo, ya bahari, ya rangi za kondoo, na yale ya mwiko ambayo wavuvi waliyatumia wakiwa majini tu. Chomboni padri hakutajwa kwa jina lake la nchi kavu. Aliitwa kitu kama "msimamaji", maana kazi yake ni kusimama. Mvuvi yeyote wa Wete ataelewa kwa nini, tena bila tanbihi.

Masomo yenyewe unaweza kuyafuata ukiwa nyumbani. Chuo Kikuu cha Highlands and Islands, kilichopata hadhi hiyo mwaka 2011, hufundisha kozi za namna hii kwa video. Lakini utafiti wa nyanjani haukwepeki, mwisho utakwenda. Nenda Juni, usiku unapokuwa jioni ndefu isiyokwisha. Desemba mwanga wa mchana Shetland haufiki saa sita, na kaskazi ya kule haileti jahazi za Maskati. Ukifika Westray, Orkney, panda ndege kwenda Papa Westray: ni safari ya ratiba iliyo fupi kuliko zote duniani, chini ya dakika mbili, muda wa kuandika "mbali" mara moja tu.

Kisha mahojiano. Utakaribishwa jikoni, utapewa chai na keki za namna tatu. Washa kinasa sauti, uliza kuhusu upweke. Mwenyeji wako tangu alfajiri amelisha kondoo, amehudhuria kikao cha kamati ya gati na kuongea na mwanawe aliye Australia. Atakutazama kwa huruma. Ukitaja kitabu ulichokisoma nusu, atainuka aende rafuni akuletee hicho hicho, kina sahihi ya mwandishi, akuonyeshe ukurasa uliokosea kuunukuu. Usihuzunike. Maktaba ya umma ya Kirkwall, mji mkuu wa Orkney, inahesabu mwanzo wake 1683. Hawa ni watu waliozoea kusoma wanayoandikwa.

Bibi yangu alikuwa na njia yake. Kila swali la mtafiti alilijibu "ndivyo, mwanangu", mpaka chai ikaisha, na baada ya miaka miwili tukamkuta kwenye tasnifu ya mtu, mpasha habari namba saba, akikubaliana na kila kitu. Kwa hiyo ukisikia "ndivyo" tatu mfululizo jikoni Orkney, zima kinasa sauti, omba kuosha vikombe. Mazungumzo huanzia hapo.

Meli ya Aberdeen kwenda Lerwick husafiri usiku kucha, saa 12 hivi, na bahari ile haina adabu. Chukua tangawizi, na hilo daftari jipya lifiche kwenye mkoba.